Mwaka Mmoja wa Kujitolea Ujerumani: Maandalizi Yanayofanyika Moshi

Vijana wanaonifuata nyumbani Majengo kuniuliza habari za kwenda kujitolea Ujerumani huanza karibu wote na swali moja, nalo ni nauli: nani anailipa? Swali hilo ni la haki na nitalijibu, lakini kwanza nami huwauliza yangu. Je, umewahi kumbadilisha nepi mtoto asiye wa ndugu yako? Umewahi kumlisha mzee asiyeweza kushika kijiko? Unaweza kukaa na watoto ishirini wa miaka mitatu kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri bila kupandisha sauti? Nilifanya mwaka mzima katika chekechea ya mji mdogo wa mashariki mwa Ujerumani, na nikitazama nyuma naona kwamba kila lililonifaa kule, na kila lililoniumbua, lilikuwa na mzizi wake katika yale niliyoyafanya au niliyoacha kuyafanya nikiwa bado hapa Moshi. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu miezi ya kabla ya safari.

Njia zilizopo

Wajerumani wameutungia utaratibu wa kujitolea sheria, jambo linalomsaidia mgeni kujua haki zake. Kuna Mwaka wa Hiari wa Kijamii, ambao wenyewe huuita Freiwilliges Soziales Jahr, uliowekewa sheria mwaka 1964 na ambao ni wa vijana wasiotimiza miaka 27. Kuna pia Huduma ya Kujitolea ya Shirikisho, Bundesfreiwilligendienst, iliyoanza Julai 2011 baada ya nchi hiyo kusitisha jeshi la lazima. Pamoja na jeshi hilo kulikuwa na utumishi wa kiraia wa vijana waliokataa kushika silaha, ambao miaka mingi walikuwa wakisukuma viti vya magurudumu hospitalini na katika nyumba za kutunzia wazee, na pengo waliloliacha ndilo lililozibwa na huduma hii mpya, isiyo na ukomo wa juu wa umri. Njia zote mbili kwa kawaida huchukua miezi 12, zikiwa na kima cha chini cha miezi 6 na cha juu cha miezi 18, na kazi zake ni za chekechea, shule za watoto wenye ulemavu, hospitali na nyumba za wazee.

Ipo njia ya tatu, na hapa ndipo lilipo jibu la nauli. Mwaka 2008 Wizara ya Ushirikiano wa Maendeleo ya Ujerumani ilianzisha mpango wa weltwärts, ambao ndio unaowaleta wengi wa wale vijana wa Kijerumani tunaowaona wakiendesha baiskeli Rau na Shanty Town. Tangu mwaka 2013 mpango huo umefungua mlango wa upande wa pili, unaoitwa Süd-Nord, yaani kutoka Kusini kwenda Kaskazini, ambapo kijana wa Tanzania huandikishwa katika ile Huduma ya Shirikisho, lakini nauli ya ndege, viza, bima na mafunzo ya lugha hugharamiwa na mpango. Katika zile njia mbili za kwanza, ukijiombea mwenyewe, nauli mara nyingi ni yako.

Weltwärts haiombwi na mtu mmojammoja kutoka barazani kwake. Kijana hupendekezwa na taasisi ya hapa nchini yenye ushirikiano na shirika la kule. Kwa watu wa Kilimanjaro mlango wa karibu ni kanisa: Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT, yenye makao yake hapa Moshi, ina uhusiano na Misheni ya Leipzig tangu wamisionari wake walipofika Machame mwaka 1893, na misheni hiyo siku hizi hupokea vijana kutoka huku kama inavyotuma wa kwao. Anza kwa mchungaji wako na ofisi ya vijana. Asiye Mlutheri, au asiye Mkristo, naye asikate tamaa, kwa kuwa kila Mjerumani anayejitolea katika shule ya jirani yako ametumwa na shirika fulani, na baadhi ya mashirika hayo hupokea pia. Muulize jina la shirika lake, kisha uliandikie mwenyewe. Swali hilo halina gharama yoyote, na nimeshangaa jinsi ambavyo watu wanaoishi nyumba moja na wageni hawa kwa miezi kumi hawajawahi kuwauliza.

Neno moja kwa wauguzi na matabibu. Leseni yako ya Tanzania haikuruhusu kufanya kazi ya uuguzi Ujerumani. Ukienda kwa njia ya kujitolea utakuwa msaidizi, hutachoma sindano, hutagawa dawa, na huenda mwaka mzima ukawa wa kupeleka chakula vyumbani na kutandika vitanda. Wapo wanaoliridhia hilo kwa ajili ya lugha na uzoefu, na ni uamuzi halali. Lakini mwenye taaluma anayetaka kuitumia taaluma yake katika afya ya jamii atazame kwanza mpango wa Wanaojitolea wa Umoja wa Mataifa, UNV, wenye makao makuu Bonn, au Kikosi cha Vijana Wanaojitolea cha Umoja wa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 2010 kwa ajili ya vijana wenye umri wa miaka 18 hadi 35, ambacho huwapeleka wenye ujuzi katika nchi nyingine za bara letu. Kazi ya kwenda kulea watoto katika familia moja kwa kupewa chumba na posho, maarufu kwa jina la au pair, ni mkataba wa aina nyingine kabisa na siizungumzii hapa.

Jitolee kwanza hapa hapa

Mchujo wa kule huuliza uzoefu, na uzoefu haupatikani kwa kuandika kwenye wasifu kwamba unapenda watoto. Nenda katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, Pasua au Kiboriloni au popote panapofikika kwa miguu, uombe kusaidia kwa miezi mitatu hadi sita bila malipo. Fika kila siku iliyopangwa. Anayetaka kufanya kazi na wazee au wagonjwa aombe kufuatana na wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika kata yake, kwa idhini ya mganga mfawidhi wa zahanati. Mwishoni omba barua yenye tarehe, saa ulizofanya kazi, na majukumu yako yakiwa yametajwa moja moja. Barua inayosema tu kwamba wewe ni kijana mwenye nidhamu na unayemcha Mungu haimsaidii Mjerumani kukuelewa.

Barua ni faida ndogo ya miezi hiyo. Faida kubwa ni kwamba utaujua mkono wako. Wengi wetu tumelelewa kwa fimbo nyumbani na shuleni, na kanuni zetu za elimu bado zinaruhusu viboko shuleni, visivyozidi vinne, kwa utaratibu maalumu na kumbukumbu yake kuandikwa. Ujerumani, tangu mwaka 2000, sheria inampa mtoto haki ya kulelewa bila ukatili, na marufuku hiyo inamfunga hata mzazi mwenyewe. Hakuna kofi dogo, hakuna kufinya, hakuna kumvuta sikio kwa utani. Nililijua hilo kichwani kabla ya kuondoka, na bado mwezi wa pili mtoto mmoja alipomwagia mwenzake mchanga machoni kwa mara ya tatu, mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Ulikomea hewani, lakini mwalimu mwenzangu aliuona, na jioni ile nilikaa mbele ya mkuu wa chekechea nikieleza, kwa Kijerumani kibovu, mkono ule ulitoka wapi. Walinivumilia. Wangeweza kuukatisha mkataba siku ileile, na sheria ingekuwa upande wao. Laiti ningalikaa miezi mitatu katika chekechea ya hapa nikijizoeza kumtenga mtoto, kuinama hadi macho yetu yalingane na kumwambia kwa sauti ya chini, nisingalijifunza kwa kujidhalilisha.

Lugha ndiyo kazi yenyewe

Katika kazi ya ujenzi au shambani mtu anaweza kuishi kwa ishara. Mtoto wa miaka mitatu hana subira na ishara, na mzee mwenye kupoteza kumbukumbu huogopa anapoguswa na mtu ambaye hamwelewi. Baadhi ya mipango hupokea mtu wa kiwango cha A1, ambacho ndicho cha chini kabisa katika vipimo vya lugha, cha kujitambulisha na kuuliza njia. Sehemu nyingi za kazi hutaka vinavyofuata, A2 au B1, na mimi namshauri kijana asiondoke chini ya A2 hata kama ameruhusiwa. Nilikwenda na A1. Miezi minne ya mwanzo nilikuwa mtu wa kuosha vyombo na kupanga viatu, si kwa sababu ya dharau, bali kwa sababu hakukuwa na kingine ningeweza kukabidhiwa.

Mitihani inayotambulika hufanyika Goethe-Institut, Dar es Salaam, kwa hiyo weka akiba ya basi la kwenda na kurudi na malazi ya siku mbili au tatu. Masomo yenyewe si lazima yafanyike Dar. Jipe miezi tisa, saa moja na nusu kila siku, ukitumia simu na kitabu, na umtafute mmoja wa wale Wajerumani waliopo mjini mbadilishane: yeye anahitaji Kiswahili, wewe unahitaji Kijerumani, na chai ya maziwa kwa mama lishe haiwashindi. Mwombe akufundishe maneno ambayo vitabu havina. Vitabu vya wanaoanza hufundisha kuagiza kahawa na kununua tiketi ya treni, ilhali utakachohitaji saa tatu asubuhi ya Jumatatu ya kwanza ni: inauma wapi, umeshaenda chooni, ingiza mkono kwanza, usimng'ate, mama anakuja baada ya kulala mchana.

Kuna mtego mmoja wa saa ambao unastahili aya yake. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, wao kuanzia usiku wa manane, na hilo kila mtu hulizoea ndani ya wiki. Kisichozoeleka upesi ni nusu saa. Mjerumani akisema halb acht, sikio la Mswahili husikia nusu na nane, likaunganisha kuwa nane na nusu kwa saa zao, yaani saa mbili na nusu asubuhi kwa zetu. Sivyo. Kwao hiyo ni nusu ya kuielekea nane, yaani saa moja na nusu asubuhi. Nilichelewa saa nzima siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa nimeamka alfajiri na kukaa kitandani nimevaa viatu, nikisubiri muda ufike.

Karatasi, na hasa majina

Unahitaji namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti, ambayo kwa sasa hugharimu shilingi 150,000 na huombwa kwa mtandao, kisha unakamilisha katika Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa. Kabla ya kulipa chochote, zipange karatasi zote mezani, usome jina lako herufi kwa herufi. Mkoa wetu una Mushi na Mushy, Massawe na Masawe, Agnes na Agness, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo mbili katika vyeti viwili vya maisha yake. Wapo waliobatizwa jina moja, wakasajiliwa shule kwa jingine, na NIDA wakaandikishwa la babu. Tofauti hiyo ambayo hapa humalizwa kwa maneno, ubalozini huwa ni watu wawili tofauti. Irekebishe mapema kwa mwanasheria na kwa mamlaka inayohusika na kila cheti, ukianza na kile cha kuzaliwa, kwa kuwa vingine hukifuata.

Kwa kuwa utafanya kazi na watoto au wagonjwa, utatakiwa pia hati ya polisi inayothibitisha kwamba huna rekodi ya jinai, ambayo huchukuliwa alama za vidole. Usiiombe mapema mno. Wanaoipokea hutaka iwe ya karibuni.

Karatasi inayosahaulika kuliko zote ni ya chanjo ya surua. Tangu Machi 1, 2020 sheria ya Ujerumani inamtaka kila aliyezaliwa baada ya mwaka 1970 anayefanya kazi katika chekechea, shule au hospitali athibitishe kinga dhidi ya surua, na kwa mtu mzima hiyo ni dozi mbili. Hapa kwetu dozi ya pili iliingizwa katika ratiba ya kawaida mwaka 2014. Aliyezaliwa miaka kadhaa kabla ya hapo, katika ratiba ya kliniki alipata ile moja ya miezi tisa, na nyingine akiipata ilikuwa kwenye kampeni ambayo pengine haikuandikwa popote. Kamuulize mama kama kadi yako ya kliniki bado ipo. Wamama wengi wa uchagani wanaitunza, imekunjwa ndani ya Biblia au chini ya godoro, imepauka lakini inasomeka. Kisha nenda kituo cha afya, eleza unachohitaji, upate dozi iliyobaki na uandikiwe uthibitisho wa Kiingereza wenye jina lako kamili, tarehe, saini na muhuri. Bila karatasi hiyo mwajiri wa kule haruhusiwi kukuanzisha kazi, hata kama umeshafika na mzigo wako uko mlangoni.

Viza utakayoomba ni ya muda mrefu, katika Ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam, na ada yake ya kawaida ni yuro 75. Miadi huchukua muda kupatikana, hivyo iombe mara tu unapopata mkataba, na usinunue tiketi kabla viza haijabandikwa katika pasipoti. Kwenye mahojiano utaulizwa kwa nini unakwenda na utafanya nini ukirudi. Jibu ukweli wako kwa sentensi zako mwenyewe. Wapo wanaotamani kuendelea na mafunzo ya uuguzi kule baada ya mwaka kwisha, na sheria za Ujerumani zina njia kwa ajili yao, lakini anayepelekwa na weltwärts ametarajiwa kurudi, na mwenye nia nyingine afadhali aiseme kwa shirika lake mapema kuliko kukariri majibu ya kuazima.

Namna ya kumtambua tapeli

Kabla ya safari yangu ya kweli nilimlipa mtu aliyekuwa na chumba cha ofisi mjini Arusha, chenye ramani ya dunia ukutani na bendera tatu mezani, naye akanipa barua ya mwaliko yenye nembo nzuri ya hospitali ambayo haikuwahi kusikia jina langu. Sikuzipata tena fedha zile. Tangu hapo kipimo changu kimekuwa mkataba. Mkataba wa kujitolea Ujerumani huwa na pande zinazotajwa wazi: wewe, mahali pa kazi, na taasisi inayosimamia. Huandikwa ndani yake saa za kazi kwa wiki, posho, malazi au fidia yake, likizo, bima ya afya inayolipiwa na wenyeji wako, na siku za semina, ambazo kwa mwaka mzima ni 25. Ukikosa lolote kati ya hayo, uliza kwa maandishi. Kisha itafute namba ya simu ya mahali pa kazi mwenyewe, si ile uliyopewa na anayekupeleka, upige na useme jina lako. Wakala anayekuambia kwamba ana mtu wake ubalozini, au anayetaka kukaa na pasipoti yako, umwache hapo hapo ulipomkuta.

Kikao cha familia

Hili ni gumu kuliko viza. Neno Ulaya likishatamkwa katika ukoo, kila mmoja hupiga hesabu yake, na hesabu hizo hufanyika wewe ukiwa hupo. Posho ya anayejitolea ni mia chache za yuro kwa mwezi. Hutosha sabuni, simu, tiketi za mji na labda chakula cha mwisho wa wiki, kwa nchi ambayo kunyoa nywele tu kunaweza kukugharimu fedha ambayo hapa inalisha nyumba siku kadhaa. Si mshahara, na haikukusudiwa kuwa mshahara.

Kwa hiyo kaa na wazazi, na mjomba au shangazi mwenye sauti katika ukoo, wiki nyingi kabla ya kuondoka, ukiwa na mkataba mkononi. Wasomee kiasi. Wageuzie kuwa shilingi, kisha wageuzie tena bei za kule, maana bila hatua hiyo ya pili hesabu ya kwanza itakuponza. Semeni wazi kama utatuma chochote, kiasi gani na lini, na nani atalipa ada ya mdogo wako mwaka huo. Mama yangu aliniuliza kwa upole, mbele ya watu wote, kama basi ninakwenda kuwafanyia Wazungu kazi ya bure. Nilimjibu kwamba ninakwenda kujifunza kazi na lugha, na kwamba wao wanalipa chumba, chakula na bima. Hakuridhika siku ile, lakini alilijua jambo kabla, na mwaka mzima hakunipigia simu hata mara moja kuomba fedha, wakati wenzangu wawili walikuwa wakikopa kwa marafiki ili watume nyumbani.

Mzigo

Koti la baridi linunue Memorial, soko letu la mitumba. Makoti mazito yanayouzwa sokoni kwetu yametoka hukohuko, na unalipa sehemu ndogo ya bei ya duka la kule. Mimi langu nililinunua kwa kijana aliyesema lilipanda Kilimanjaro mara nne mgongoni mwa mgeni. Viatu ndivyo vya kununua kule, kwa sababu barafu ya barabarani inataka soli yake. Usibebe nyama wala maziwa ya aina yoyote, hata mtindi wa bibi, kwa kuwa Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuviingiza. Matunda mengi nayo hudai cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache, na katika machache hayo ndizi zimo. Mchagga hakuonewa.

Ukifika

Ndani ya wiki mbili jiandikishe katika ofisi ya mji unakoishi, kwa maana kila kitu kingine, kuanzia akaunti ya benki hadi kibali cha ukaazi, huanzia kwenye karatasi hiyo. Kisha jenga tabia ya kufungua sanduku la barua kila siku. Sisi hatuna utamaduni wa barua za posta kufika nyumbani, na kijana wa Moshi huziona kama matangazo. Huko serikali, bima na benki huzungumza nawe kwa barua, na kutojibu ni kosa lako. Mojawapo ya barua hizo itadai ada ya redio na televisheni ya umma, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, hata isiyo na televisheni. Waulize wenyeji wako nani anailipa katika nyumba uliyopangiwa.

Kazini, watoto watakuita kwa jina lako la kwanza bila mwalimu wala dada mbele yake, na hakuna shikamoo. Usilichukulie kama utovu wa adabu. Watoto hutolewa nje mvua ikinyesha na theluji ikidondoka, wakiwa wamevalishwa suruali za mpira, na kuwavalisha watoto kumi na wanane suruali hizo ni kazi ya nusu saa inayohitaji mgongo imara. Usipige picha yoyote ya mtoto kwa simu yako, wala kuiweka katika hali ya WhatsApp, hata mama yake akiwa rafiki yako. Wewe ni msaidizi wa mtaalamu, na sheria haitaki uchukue nafasi ya mwajiriwa. Ukiona unaachiwa kundi zima peke yako siku baada ya siku, au unaagizwa kumpa mgonjwa dawa, mweleze msimamizi wako wa shirika. Kulisema hilo ni haki yako, wala si ukorofi.

Katika nyumba za wazee utakutana na jambo litakalokusumbua kuliko baridi. Utawaona akina bibi wenye watoto wanne walio hai wakila Krismasi na wewe. Usiwahukumu watoto wale upesi. Wengine huja kila Jumapili kutoka mbali, na nyumba zile zina wauguzi na vifaa ambavyo kihambani kwetu bibi aliyepooza havipati. Baadhi ya wazee waliopoteza kumbukumbu watakutamkia maneno mabaya kuhusu rangi yako. Kwa mgonjwa, mwite mwenzako mbadilishane zamu. Kwa mtu mwenye akili timamu, awe mfanyakazi au ndugu wa mgonjwa, andika tarehe na maneno yaliyotamkwa, umpelekee msimamizi siku hiyo hiyo. Watoto ni jambo jingine: watakushika nywele na kukusugua mkono waone kama rangi inatoka, nao hujibiwa kama wanavyojibiwa kuhusu konokono na mwezi.

Desemba jua huchomoza saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi jioni, na hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Jiunge na kitu kabla ya Novemba: kwaya, mpira, mazoezi ya zima moto ya kijiji, chochote kinachokutoa chumbani jioni mbili kwa wiki.

Miezi miwili kabla ya kumaliza, omba cheti cha kazi. Sheria inakupa haki ya kupewa, na ukiomba kiandike pia namna ulivyofanya kazi, utaandikiwa. Ombi la mapema humpa mkuu wako nafasi ya kutaja kazi halisi, kama vile kuwasaidia watoto wapya kuzoea wiki zao za kwanza au kusimamia chakula cha mchana. Funga akaunti, lipa deni la simu, kajiondoe katika orodha ya mji. Na watoto waambie wiki mbili kabla, kwa kalenda ukutani wanayoikata siku moja moja, ili asubuhi usipokuwepo wasikutafute nyuma ya mlango.